Kabla ya Magari Kulikuwa na Pakingi: Somo Kutoka Machakos

Mwezi uliopita nililipia pakingi mahali ambapo mamangu alikuwa anauza maembe.

Nilikuwa nimeazima Probox ya mjomba nipeleke vitu fulani tao. Nikaona nafasi, nikaingiza gari katikati ya mistari miwili myeupe, kijana wa koti la manjano akanijia na simu yake. Nikatuma shilingi 100, ujumbe ukaingia, tukaachana vizuri. Ndipo nikainua macho nikaona mlingoti wa stima. Ule mlingoti naujua. Mama aliufungia mwavuli wake miaka 11. Mimi nilifanyia homework chini yake, nimekalia kreti.

Jioni nilipomwambia alicheka sana. "Kwa hivyo wewe ndio umenifukuza," akasema. Halafu akauliza, "Ulikaa hapo masaa mangapi?" Nikamwambia kama dakika 40. Akasema, "Na ulilipia siku nzima." Akaendelea kukatakata sukuma.

Mji wenyewe sitautaja. Ni mmoja wa ile miji midogo ya Ukambani inayokua haraka: kabro mpya, taa mpya, steji mpya nje kidogo ya mji, na mistari myeupe mahali palipokuwa na meza za akina mama. Hata ningeutaja haingebadilisha kitu, maana kisa hiki kimetokea mahali pengi Kenya, na wewe unayesoma una mji wako akilini tayari.

Lakini lile swali la mama halikuniacha. Nani ana haki ya kusimama kando ya barabara, kwa muda gani, na kwa bei gani? Tunaliongea kama ni jambo la juzi, kama vile lilikuja na magavana na kabro. Si kweli. Ili nilielewe nilirudi kwenye mji ninaoujua historia yake kuliko mwingine wowote, mji ambao Ukambani yote huuangalia: Machakos.

Mji uliozaliwa kama kituo cha kupumzika

Wakamba walikuwa watu wa safari ndefu zamani sana kabla ya lami. Katika karne ya 19 misafara yao ilibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa. Kivoi wa Kitui alikuwa mkubwa wa biashara hiyo, na ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, safari ambayo Krapf aliuona Mlima Kenya. Msafara haukuwa mchezo. Mamia ya watu wenye mizigo kichwani wanahitaji maji, kuni, chakula na mahali pa kutua. Walipotua, wenyeji walikuja na nafaka, maharagwe na mbuzi, na biashara ikaanza.

Ukinielewa hapo umeelewa makala yote. Soko huzaliwa pale watu wanaposimama. Watu wakisimama, kuna mtu atawauzia kitu. Na mahali penye biashara, hakosi mtu mwenye nguvu wa kuja kusema, "Hapa ni kwangu, lipeni."

Mwaka 1889 kampuni ya Waingereza ya IBEAC, iliyokuwa imepewa hati na malkia wao mwaka uliotangulia, ilijenga kituo karibu na kwa mzee Masaku, mtabiri aliyejulikana sana. Wazungu walishindwa kutamka jina lake, ndiyo maana leo tunasema Machakos. Hawakuchagua mahali pale kwa sababu ya mandhari ya vilima vya Iveti. Walichagua kwa sababu kulikuwa na chakula, na misafara ya kwenda Uganda ilihitaji kusimama mahali ikajaze magunia. Kwa lugha ya leo, Machakos ilianza kama sehemu ya kuegesha.

John Ainsworth alifika 1892 na kuendesha mambo kutoka hapo. Mtu wa Machakos atakuambia kwa fahari kwamba huu ndio ulikuwa mji mkuu wa kwanza wa Kenya. Hapo tunajisifu kidogo. Makao makuu ya himaya yenyewe yalikuwa Mombasa, na Machakos ilikuwa makao ya Mkoa wa Ukamba. Ila kwa upande wa bara, kweli, kabla ya Nairobi kulikuwa na Machakos.

Siku reli ilipopita mbali

Kisha ikaja reli. Ujenzi ulianza Mombasa 1896. Kwetu kuna masimulizi ya nabii wa kike, Syokimau, aliyeona nyoka mrefu akitoka upande wa bahari kabla reli haijafikiriwa. Leo jina lake liko kwenye stesheni ya treni iliyofunguliwa mwaka 2012.

Huyo nyoka hakupanda vilima vya Machakos. Wahandisi walimpitisha kwenye uwanda wa Kapiti na Athi, ambako kazi ni rahisi, na mwezi Mei 1899 reli ikafika kwenye kinamasi kilichoitwa Nairobi. Mwaka huohuo Ainsworth akafungasha ofisi yake akahamia huko. Fikiria hali ya mji: njaa kubwa ya Ngomanisye imekamata Ukambani, watu wanakufa, na serikali ndiyo hiyo inahama.

Misafara ikakoma. Mizigo ikapanda treni. Machakos ikabaki kama kilomita 60 kutoka mji mpya ambao miaka michache tu nyuma haukuwa chochote.

Hilo ndilo somo la kwanza: njia ikihama kidogo tu, riziki ya watu inahama nayo. Aliyechora ile ramani sidhani aliwaza mwanamke wa Iveti aliyekuwa akiuzia misafara maharagwe. Kwake ilikuwa hesabu ya miinuko na gharama. Kwake yule mama ilikuwa mwisho wa soko. Miaka zaidi ya mia baadaye, steji ikihamishwa mita 600 kutoka sokoni, mambo ni yale yale, isipokuwa sasa tunaita "upangaji wa mji".

Watu waliotembea hadi Nairobi

Lakini mji haukufa. Ulibaki makao ya wilaya, maduka ya Wahindi yakajipanga, soko likaendelea, barabara zikachimbwa. Barabara nyingi za vijijini enzi hizo zilijengwa kwa jasho la watu waliolazimishwa, jembe na karai, bila kuulizwa kama wanaitaka.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi kuliko ardhi yao inavyoweza kubeba. Badala ya kuwarudishia ardhi iliyochukuliwa na walowezi, wakaanza kukamata ng'ombe kwa nguvu na kuwauza. Maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, wakatoka Ukambani wakaenda Nairobi kwa miguu kumtafuta gavana. Wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa. Kiongozi wao mmoja, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu. Lakini kabla mwaka huo kuisha, serikali ililegeza kamba na kuachana na mpango wa kuchukua ng'ombe kwa lazima.

Kwa nini nawaambia hii kwenye makala ya pakingi? Sababu ni mbili. Kwanza, inaonyesha watu wa kawaida wamewahi kuibadilisha sera kwa kujitokeza tu na kukataa kuondoka. Pili, Nairobi leo kuna mtaa unaoitwa Muindi Mbingu, pale City Market. Ukienda na gari utalipa pakingi. Mzee aliyejulikana kwa kutembea amepewa barabara, na barabara imejaa magari yaliyosimama. Kila nikipita hapo nacheka peke yangu.

Kumbuka pia kile kituo cha mabasi Nairobi kinachoitwa Machakos Country Bus. Hapo ndipo mashambani na jiji vimekutana miaka yote: kuku, magunia, viondo, wanafunzi na masanduku yao. Mji mdogo umewapa watu wa jiji jina la mahali pa kusimama. Tena ni mambo ya kusimama.

Barabara nzuri kweli inalipa

Sitaki mtu afikirie napinga barabara. Nisikilize vizuri hapa.

Kuna kitabu maarufu kuhusu wilaya ya zamani ya Machakos, cha Tiffen, Mortimore na Gichuki, kilichotoka 1994. Miaka ya 1930 wataalamu wa kikoloni walisema ardhi ya Ukambani imekwisha, mmomonyoko umeimaliza. Waandishi hao walionyesha kwamba kufikia 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara 5, na bado ardhi ilikuwa inatunzwa vizuri kuliko zamani. Matuta yalichimbwa, miti ikapandwa, mazao ya kuuza yakaingia. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa njia ya kufika sokoni. Mkulima akijua machungwa yake yatafika Nairobi, ana sababu ya kuchimba tuta.

Mamangu anajua hivyo bila kusoma kitabu. Kabla ya kabro, mvua ya Novemba ilikuwa inageuza barabara yetu kuwa uji. Pikapu ya maembe ikikwama, maembe yanaiva humo humo, na embe lililoiva siku mbili zaidi ni embe la kupewa mbuzi. Siku hizi mzigo kutoka upande wa Wote unafika asubuhi hiyo hiyo. Vumbi limeisha. Mtoto akiugua usiku, boda inafika. Mama hataki ule udongo urudi. Anachouliza ni kwa nini barabara ilipokuja, yeye ndiye aliyetolewa.

Kwa nini kanjo anapenda pakingi

Hapa ndipo historia inakuwa tamu, kwa sababu tunaanza kufuata pesa.

Baada ya uhuru, mabaraza ya wilaya yalikuwa yanasimamia shule za msingi, afya na barabara. Kuanzia 1970 serikali kuu iliwanyang'anya kazi hizo tatu. Miaka michache baadaye ile kodi ya kichwa iliyokwenda kwa mabaraza, Graduated Personal Tax, ikafutwa. Mwananchi alishangilia, na hata mimi ningeshangilia. Lakini baraza lilibaki na majukumu ya mji bila mfuko wa maana.

Sasa, baraza lisilo na kodi linaishi kwa nini? Kwa kile kinachopita mbele ya macho yake: tiketi ya soko, leseni, ushuru wa mazao njiani, na gari lililosimama. Ndiyo maana kizazi cha wazazi wetu kilimjua kanjo kwa kitabu cha risiti na lori la kubeba bidhaa zilizonyakuliwa. Serikali ya mtaa ilijifunza kumtazama mtu aliyesimama kama pesa. Afueni kidogo ilikuja na sheria ya LATF ya 1998 iliyoanza kuwapa mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato, lakini tabia ilikuwa imeshakomaa.

Wakati huo huo barabara zilikuwa zinajaa. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya kawaida ya mabasi. Zikafurika kila mji, bila mji wowote kuwa umechora mahali zitakaposimama. Mwaka 2004 sheria za Michuki zikaja na mikanda na vidhibiti mwendo. Zilituliza mambo ndani ya gari, lakini nje, pale steji, bado vurugu. Mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwenye pikipiki ndogo, na boda zikazaliwa kwa maelfu. Vijana wengi walipata kazi, marafiki zangu wakiwemo. Tena, hakuna mtu aliyechora mahali pa boda kusimama. Wakachagua wenyewe: kona, mbele ya duka, chini ya mti, ndani ya mtaro uliofunikwa.

Kwa hivyo tunapowalaumu watu wa boda na mama mboga kwamba "wamevamia barabara", tuulize: lini walipewa nafasi wakaikataa?

Halafu ikaja Katiba ya 2010. Jedwali la Nne linasema wazi kwamba barabara za kaunti, taa za mitaani, trafiki na pakingi ni kazi ya kaunti. Ibara ya 203 ikawapa kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya kitaifa. Baadaye mpango wa Benki ya Dunia wa kusaidia miji, KUSP, ukaingia katika miji 59 kwenye kaunti 45, yaani Kenya yote kasoro Nairobi na Mombasa. Machakos imo. Kabro nyingi, mitaro, taa na vituo vya magari unavyoviona kwenye miji ya kaunti vilitoka humo. Barabara ya Mombasa nayo ikapanuliwa kutoka Athi River hadi makutano ya Machakos, na mwaka 2022 Expressway ikafunguliwa kutoka Mlolongo. Sasa mtu anaweza kulala Machakos na kufanya kazi Nairobi. Anarudi jioni na gari lake, na Jumamosi analileta sokoni.

Kule Kituluni, nje kidogo ya Machakos, kuna ule mteremko wa ajabu ambapo gari likizimwa huonekana kama linapanda mlima lenyewe. Wageni huja kuona. Mimi nasema waje tao Jumamosi mchana waone ajabu kubwa zaidi: gari liko na injini, liko na mafuta, na haliendi popote.

Tuliiga mita, tukasahau saa

Mita ya kwanza ya pakingi duniani iliwekwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935. Wazo lilikuwa la Carl Magee, mtu wa magazeti. Wenye maduka walikuwa wanalalamika kwamba wafanyakazi wa mjini wanaegesha asubuhi na kukaa hadi jioni, na mteja hapati pa kusimama. Bei ikawa senti 5 kwa saa. Lengo lilikuwa nafasi izunguke: huyu aje, anunue, aondoke, mwingine aingie.

Angalia sasa jinsi miji yetu mingi inavyotoza: ada ya siku. Ukilipa asubuhi, umenunua siku nzima. Nani anafaidi? Mwenye duka na mfanyakazi wa ofisi anayeegesha saa mbili asubuhi mbele ya mlango na kuondoka saa kumi na moja. Nani anaumia? Mteja wa dakika 20 anayetaka maembe. Analipa sawasawa na yule wa masaa tisa, na mara nyingi hapati hata pa kulipia. Mteja huyo akizunguka mara mbili bila nafasi, anaenda supermarket yenye maegesho yake. Mama mboga amepoteza mauzo bila hata kujua.

Tulichukua mita ya Mmarekani tukaacha saa iliyokuwa ndani yake. Tukabaki na ushuru tu.

Nilipiga hesabu ya ile nafasi niliyolipia. Nafasi ya gari ni kama mita 5 kwa mbili na nusu. Meza ya mama ilikuwa mita moja na nusu. Hapo wangetoshea akina mama wanne bila kubanana, wakiacha na mahali pa mteja kusimama. Mama alikuwa analipa tiketi ya shilingi 50 kila siku. Wanne ni 200. Mimi nililipa 100. Kwa hiyo hata ukisahau haki na utu ukahesabu pesa tupu, mji uliondoa 200 ukaweka 100, na familia nne zikatafuta pengine pa kula.

Najua mtu atasema, "Lakini barabara si soko." Sawa, sehemu ya kupita magari si soko. Lakini lile gari langu halikuwa linapita. Lilikuwa limesimama, kama mama alivyokuwa amesimama. Tofauti ni kwamba mmoja wetu alikuwa anafanya kazi na mwingine alikuwa bati tupu.

Kinachoweza kufanyika

Sipendi makala ya kulia bila jibu, kwa hivyo haya manne ni yangu.

Kwanza, tutoze kwa saa, si kwa siku. Nusu saa ya kwanza iwe bure au bei ya chini kabisa, halafu ipande. Malipo tayari ni ya simu, kwa hivyo kuhesabu saa si kazi ngumu. Profesa Donald Shoup wa chuo kikuu cha UCLA, aliyeandika kitabu kizima kuhusu hasara ya pakingi ya bure mwaka 2005, alisema bei sahihi ni ile inayoacha nafasi moja au mbili wazi kila wakati. Siyo inayojaza mfuko zaidi.

Pili, pesa ya pakingi ionekane barabarani ilikotoka. Huyo huyo Shoup alipenda mfano wa Old Pasadena, California, ambako mita ziliwekwa 1993 na wenye maduka wakakubali kwa sababu mapato yalirudi kwenye mtaa wao: njia za miguu, taa, usafi. Kwetu mapato ya kaunti kwa kawaida huingia kwenye mfuko mmoja kwa mujibu wa Katiba, na si vibaya. Lakini bunge la kaunti linaweza kuweka mstari kwenye bajeti: mtaa huu umechangia hiki, utapata choo na mtaro huu. Mtu akiona choo safi, hatakimbia kanjo.

Tatu, asubuhi iwe ya mizigo. Mpaka saa mbili, nafasi za mbele ya soko ziwe za pikapu na mikokoteni kushusha, bila ada ya siku nzima. Soko lisiloweza kushusha mzigo ni uwanja tu.

Nne, na hili ndilo kubwa: anayechora barabara achore pia watu wanaosimama. Meza za akina mama, kivuli cha boda, kiti cha mshona viatu, kiti cha magurudumu. Viwekwe kwenye ramani siku ya kwanza kama sehemu ya barabara, siyo uchafu wa kuondolewa siku ya mwisho. Na steji isiende mbali na soko. Tulishaona 1899 kinachotokea njia ikihama.

Mahali pa kusemea

Wengi wetu tunangoja mistari ichorwe ndipo tupige kelele. Tunakuwa tumechelewa. Ibara ya 210 ya Katiba inasema hakuna kodi wala ada ya leseni bila sheria, na ada za kaunti kama ya pakingi huwekwa kwenye Mswada wa Fedha wa kila mwaka. Lazima wananchi waitwe kutoa maoni. Tangazo hutoka gazetini, kikao hufanywa kwenye ukumbi siku ya kazi, na wanaofika ni wale wale. Mwenye duka hutuma mtu. Chama cha matatu hutuma mtu. Mama mboga hawezi, kwa sababu akifunga meza siku moja, jioni hakuna unga.

Kwa hivyo nawaomba vijana wenzangu, nyinyi mnaojua kutumia simu: mswada ukitoka, usomeni kurasa za pakingi na soko. Ni kurasa chache. Andikeni barua, hata ya ukurasa mmoja, kwa niaba ya mama zenu, na muipeleke kabla ya tarehe kufungwa. Watu wa 1938 walitembea hadi Nairobi wakalala nje kwa ajili ya ng'ombe. Sisi tunaambiwa tufike ukumbini tu.

Mimi wa kwangu nimeanza kuuandika. Nilimsomea mama juzi akanirekebisha mahali pawili. Niliandika "wachuuzi", akasema niandike "wafanyabiashara". Na pale nilipoomba mwavuli na meza virudishwe pale kwenye mlingoti, alinikataza.

"Usiombe mahali pangu," akasema. "Pale pana mtu mwingine ataweka gari, hata wewe. Omba mahali pa wote, na mahali mteja anafika."

Nimefuta, nimeandika hivyo.